Miaka ya Kumshikia Profesa Maiki

Vijana wangu, mkija kuniuliza habari za kazi, kaeni upande wa kulia. Sikio la kushoto lilistaafu kabla yangu. Lilikaa karibu na spika miaka mingi mno, likasikia kila harambee, kila mazishi na kila uzinduzi wa tangi la maji kuanzia Voi mpaka Taveta, na siku moja likaona imetosha. La kulia bado liko kazini, ila linafanya kazi bila moyo, kama karani wa serikali siku ya Ijumaa.

Mimi nilikuwa mtu wa spika. Mkutano ukiitwa, natafutwa mimi: jenereta, amplifaya, spika nne za tarumbeta, maiki mbili, na waya ambazo ukiziunganisha zote zingefika Mombasa na kurudi na mabaki. Nyinyi siku hizi mna kisanduku kidogo kama mkate, unakibonyeza kinaongea na simu. Vizuri. Lakini mgongo wangu unajua uzito wa kazi hii kuliko mgongo wa punda yeyote wa kaunti hii, na leo nimechoka, nitawaambia tu yale yanayonijia.

Aliyenifundisha ni Mzee Omari, fundi wa redio pale Voi mjini, mtu wa ukoo wa Kiislamu wa zamani, Kiswahili chake safi kama kanzu ya Idi. Wiki ya kwanza nilikunja waya kwa kuuzungusha kwenye kiwiko, kama mnavyofanya nyote. Akaniangalia weee.

"Mwanangu, huo ni waya au ni nyoka unamuua?"

"Naukunja, Mzee."

"Unausokota. Kesho utakapoukunjua mbele za watu utajifunga mafundo, na wewe utakuwa umeinama hapo na makalio yako yakiwatazama wageni waheshimiwa. Ukunje duara, mzunguko mmoja juu, mmoja chini. Fuata unavyotaka wenyewe."

Nikajifunza. Akanifundisha pia kwamba jenereta hukaa nyuma ya watu, upande ule upepo unakokwenda, la sivyo mgeni rasmi atahutubia moshi. Kwamba maiki haisimami mbele ya spika, maana spika ikisikia sauti yake yenyewe hupiga mluzi wa kutoa meno. Kwamba upepo wa Voi ukivuma, maiki huvalishwa soksi. Soksi safi. Nasisitiza safi kwa sababu siku moja nilikuwa na haraka nikavua ya mguuni, na mchungaji mmoja aliomba sala fupi kuliko zote zilizowahi kuombwa katika dayosisi nzima.

Na kubwa kuliko yote: ukimaliza kufunga mitambo, usikae mezani kwa wakubwa. Nenda nyuma kabisa, pale walipo akina mama waliochelewa na wazee wasioona, ukae chini, usikilize. Kama huko hakusikiki, hujafanya kazi.

Huko nyuma kabisa ndiko nilikokutana na Profesa.

Simtaji jina. Mnalijua, na kama hamlijui waulizeni walimu wenu. Alizaliwa milimani huku kwetu, akasoma mpaka masomo yakaisha, akafundisha ng'ambo, akaandika vitabu vya historia na haki za watu ambavyo watu wa mbali wanavigombania. Akisema neno redioni, kesho yake mawaziri wanajibu. Halafu akarudi nyumbani, akajenga nyumba ndogo kule mlimani, akaanza kuhudhuria mikutano yetu kama mtu yeyote.

Siku hiyo ulikuwa mkutano wa habari za tembo, kule Ndara. Mimi nimeenda nyuma kupima sauti, nikamkuta mzee mwembamba mwenye shati la mikono mifupi amekaa juu ya jiwe.

"Mzee, unasikia vizuri?" nikamwuliza.

"Nasikia. Ila huyu anayeongea, sauti yake haiwezi kupungua kidogo?"

Aliyekuwa akiongea ni msimamizi wa sherehe, naye alikuwa anasoma sifa za mgeni rasmi: shahada zake, tuzo zake, nchi alizohutubia. Orodha ndefu mpaka tembo wenyewe walijitokeza kando ya kichaka, wakasikiliza, wakaona hata majina ya waheshimiwa waliohudhuria hayajaanza kutajwa, wakarudi zao porini. Huo ni ukweli mtupu. Tembo wa mwisho alitikisa kichwa.

"Mzee, siwezi kupunguza," nikasema. "Anamsifu mgeni rasmi."

"Ndiyo maana," akasema. "Mgeni rasmi ni mimi."

Kule mbele kochi lilikuwa limetandikwa kitambaa cha kufuma na chupa ya maji, linamngoja. Kamati nzima inakimbia huku na huku kumtafuta. Alipopatikana akaenda mbele, akaliangalia kochi, akauliza ni nani mkubwa kwa umri kati ya waliosimama. Akaletwa bibi mmoja, akakalishwa pale. Bibi akafungua chupa akanywa maji ya mgeni rasmi yote, akalala. Profesa akakaa kwenye kiti cha plastiki.

Kuanzia siku hiyo tukawa na ishara yetu. Akigusa sikio, mimi napunguza sauti ya anayemsifu. Wasimamizi wa sherehe walikuwa wanaigongagonga maiki, wananikodolea macho, mimi natazama mawingu.

Sasa, maiki ina tabia ya kumfichua mtu. Wanasiasa huimeza. Wahubiri huikaba koo. Profesa aliiogopa kama jiko lenye mafuta, akasimama hatua nzima nyuma yake, na sauti yake ilikuwa ndogo. Ilibidi nifungue amplifaya mpaka mwisho, na ukifanya hivyo unasikia kila kitu: mbuzi, mtoto, kuku wa jirani, kisha katikati yake kasauti ka Profesa kakiuliza swali. Maana yeye hakuhutubia. Aliuliza. Na watu walinyamaza kumsikia kuliko walivyomnyamazia yeyote aliyepiga kelele.

Mimi wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, nikitafuta cheti cha kidato cha nne nikiwa na ndevu kumzidi mwalimu. Profesa alikuwa akifika mapema, kabla ya watu, ananishikia ngazi nikifunga spika juu, na kila mara ananiuliza, "Fundi, umesoma nini wiki hii?" Nami namweleza. Nilimfundisha mtu yule mmeng'enyo wa chakula. Nilimfundisha sehemu za ua. Siku moja nilimfundisha historia ya reli kupita Voi, mpaka jasho likanitoka, naye yuko pale chini ya ngazi anasema, "Ehe? Hilo la vibarua nieleze tena." Miezi baadaye mwalimu akatuletea kitabu cha historia hiyo ya reli darasani. Jina kwenye jalada ni lake. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu naumwa.

Nilipomkabili, alicheka tu. "Ulinieleza vizuri kuliko nilivyoandika," akasema. Na mjue alikuwa hanitanii. Hapo ndipo nilipoona kwamba cheti nitakipata, nikakipata.

Lakini msidhani unyenyekevu wa mtu mkubwa ni kitu chepesi kwa wanaomzunguka. Ulituchosha. Mpishi amepanga sahani ya wageni, yeye yuko foleni ya maharagwe. Chifu anamtafuta, yeye yuko nyuma ya darasa anaongea na mchunga mbuzi. Kila shughuli tulikuwa tunafanya kazi mara mbili: kuuandaa mkutano, kisha kumwinda mgeni.

Na neno lake, ambalo hakutaka liwe na uzito, lilikuwa na uzito usiobebeka. Hapa ndipo penyewe.

Kulikuwa na mkutano Njukini, huko chini Taveta, juu ya njaa na mvua zilizokuwa zinachezea watu. Mkulima mmoja akasimama akamwuliza, "Profesa, wewe nyumbani kwako umepanda nini?" Naye, bila kufikiri, akajibu, "Mimi nimejaribu mtama kidogo." Basi. Hakusema mpande. Hakusema mtama ni bora. Alisema amejaribu, tena kidogo.

Msimu uliofuata Njukini yote ilikuwa mtama. Watu waliozaliwa wakila mahindi na maharagwe waling'oa akili zao wakapanda mtama mpaka kwenye makaburi. Ukimwuliza mtu kwa nini, anakujibu, "Profesa amesema." Ulipokomaa, wakaja ndege. Nyinyi mnawajua wale ndege wadogo wenye mdomo mwekundu. Mimi nilikuwepo, na nawaambia jua lilizimika. Kuku walipanda kulala saa sita mchana. Walipoondoka, hapakuwa na mtama, palikuwa na fito.

Profesa aliposikia, alinipigia simu. "Fundi, leta vyombo Njukini siku ya soko." Nikampelekea. Hakutaka hema. Alisimama juani katikati ya soko, maiki mkononi, akasema, "Nilisema bila kufikiri, nanyi mkapata hasara. Nisameheni."

Wengine macho yaliwalowa. Kisha mzee mmoja akasema kwa sauti, "Profesa, kosa si lako, ni la ndege."

Watu wote: "Naam!"

"Ila tuambie," mzee akaendelea, "mwaka huu wewe umepanda nini?"

Nilimwona Profesa akifunika maiki kwa kiganja kama mtu anayemfunika mtoto mdomo. Aliondoka hapo amezeeka. Tangu siku ile akaapa kwamba mkutanoni ataongea wa mwisho au hataongea kabisa, na kama kuna jambo la kuamuliwa, watu waamue kwanza asiwepo mbele ya macho yao. Alitunza kiapo hicho miaka. Mpaka Kishushe.

Kishushe mnaijua: kavu, mbali, barabara yake inang'oa meno hata ya mtu asiye nayo. Pale kuna mlima mdogo, na chini ya mlima kuna chemchemi. Siyo mto. Ni maji yanayotoka jiweni, membamba kama mkia wa panya, lakini hayajawahi kukauka. Wakaja wageni wa kampuni fulani, wamepima, wameona chini ya mlima kuna madini ya chuma, wanataka kuchimba. Wakaahidi kazi, barabara, na madarasa. Chifu akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule ya msingi. Ikakubaliwa siku hiyohiyo watu waamue kwa mlolongo, kama tulivyokuwa tukipiga kura zamani: wanaokubali wapange mstari kuelekea gari la wageni, wanaokataa wapange kuelekea mti wa mgunga ulioko upande wa pili. Hakuna karatasi. Unasimama unapoamini, jirani akikuona.

Aliyekuwa na roho mkononi siku hiyo ni Mama Wakesho. Mjane, nyumba yake ya kwanza ukishuka kutoka chemchemi, na mbuzi wake, na wajukuu aliowalea kwa maji yale. Mlima ukichimbwa, maji yale yanakwenda, na yeye hana pa kwenda. Aliongea mapema, nikamshikia maiki mwenyewe. Alisema maneno machache kisha akakaa. Walimpigia makofi ya heshima, yale ya kumalizia. Kisha bwana wa kampuni akaongea kwa muda mrefu na picha, na watu wakaanza kuona barabara ya lami pale ambapo kulikuwa na vumbi.

Profesa alikuwa nyuma, amekaa juu ya mzizi wa mti, karibu nami.

Chifu akasema, "Haya wananchi, pangeni mistari."

Hakuna aliyenyanyua mguu. Watu wote, wazee kwa vijana, shingo zikageuka nyuma kama zimevutwa na kamba moja. Wanamwangalia Profesa. Wanaangalia viatu vyake hasa. Kiatu kitaelekea wapi?

Akaniinamia. "Fundi, choo kiko wapi?"

Nikamwonyesha vyoo vya shule. Akainuka akaenda, mlango wa mabati ukajifunga, komeo likalia. Nikajua. Mimi nilijua siyo tumbo. Ni Njukini.

Tukangoja. Jua la Kishushe, ndugu zangu, siku ile lingeweza kukaanga yai kwenye kipara cha chifu, na kipara kilikuwepo.

"Wananchi, pangeni mistari!" chifu akarudia.

"Tunamngoja Profesa," sauti ikatoka.

"Profesa anajisaidia! Hapigi kura huko!"

"Basi tungoje amalize. Mtu haharakishwi kwa jambo kama hilo."

Watu wakacheka, lakini hawakusogea. Bwana wa kampuni akaangalia saa, akamnong'oneza chifu. Chifu akatangaza kwamba wageni wana safari, na kama watu hawana la kupinga, basi itahesabiwa wamekubali. Hapo kicheko kilikatika. Hata hivyo watu walibaki pale pale, wanaangalia mlango wa mabati.

Mama Wakesho akaja kwangu.

"Fundi, huu waya wako unafika wapi?"

"Mama, ukitaka unafika Mombasa."

"Sitaki Mombasa. Nataka chooni."

Nikaangalia kulia na kushoto. Kwa kazi yetu mtu wa spika hana upande, anamshikia maiki kila aliyepewa nafasi na chifu. Huyu hakupewa nafasi na yeyote. Lakini alikuwa ameniangalia usoni. Nikaunganisha waya kwa waya, nikautandaza uwanjani, mzunguko mmoja juu, mmoja chini, ukaenda wenyewe bila fundo hata moja, laiti Mzee Omari angekuwa hai auone. Nikampa maiki. Akaenda nayo mpaka mlangoni akabisha.

Kutoka kwenye spika zote nne, Kishushe nzima ikasikia sauti ndogo ya msomi mkuu wa nchi hii:

"Kuna mtu!"

Mbavu! Kuna mzee alianguka kutoka kwenye kiti. Nasikia hata fisi wa Kishushe waliacha kucheka usiku ule kwa aibu ya kushindwa. Mama Wakesho hakucheka.

"Najua kuna mtu," akasema. "Namtaka huyohuyo."

Kisha Profesa, taratibu: "Mama, niache. Nikitoka watanifuata."

"Na usipotoka watamfuata mwenye gari."

"Niliwahi kusema neno moja, watu wakalala njaa. Hujui uzito wake."

"Naujua. Tulisikia habari za mtama. Lakini mtama ule walipoteza watu wa Njukini, nao wakakusamehe. Sisi Kishushe tumekukosea nini mpaka utunyamazie? Hiyo adabu yako, baba, ni nzuri. Ila mimi itanikausha."

Vijana, mimi nimesikia hotuba. Nimesikia za waliokuwa wanataka uongozi na za waliokuwa wanauaga. Sijasikia zilizonyamazisha watu kama maneno yale mbele ya mlango wa choo. Nikapunguza amplifaya kidogo, kwa sababu pumzi zake zilikuwa zinasikika, na pumzi za mtu ni zake.

"Umenishika," Profesa akasema mwishowe. "Sogeza maiki karibu na ufa wa mlango."

Akasogeza.

"Habari zenu. Chuma, kama kipo kingi au kidogo, mimi sijui. Bei yake sijui. Kama barabara itajengwa, sijui pia. Asubuhi niliwauliza wageni: mkishachimba mlima, maji ya watu hawa yatatoka wapi? Wakanijibu yataletwa na lori. Mimi binafsi sipendi maji ya lori, maana lori lina mwenyewe, na siku mwenyewe akikasirika haliji. Kwa hivyo mimi naona mlima uachwe. Hayo ni mawazo ya mtu mmoja, tena mtu mwenyewe yuko chooni. Lakini mimi sichoti maji hapa. Sijawahi kuchota hapa hata siku moja. Msinifuate mimi. Mfuateni anayechota."

"Toka basi," Mama Wakesho akasema.

"Pangeni kwanza. Na mfanye haraka, humu ndani kuna joto."

Basi hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijaliona tena. Wanaume wa Kishushe waligeuka wakaanza kutafuta anayechota. Na nani anachota? Si wao. Wakaanza kuwaangalia wake zao, dada zao, mama zao, kama watu wanaowaona kwa mara ya kwanza. Kuna mume nilimsikia akinong'ona, "Mama Mghoi, twende wapi?" Naye akamjibu, "Leo ndiyo unaniuliza?" Wakacheka wote wawili, akatangulia yeye, mume nyuma. Nyumba kwa nyumba, mwanamke mbele. Wapo waliokwenda upande wa gari, na hao pia niliwaheshimu, maana vijana walitaka kazi na kazi hakuna. Lakini mstari wa mgunga ulirefuka, ukapita goli la mpira, ukapita jiko la shule, ukatokea barabarani.

Komeo likalia. Profesa akatoka, shati limeloa kama ametoka kuogelea, anafuta miwani. Mama Wakesho alikuwa wa kwanza kabisa chini ya mgunga. Profesa akaja akasimama karibu yake, labda kumwomba radhi, labda kumshukuru, sijui.

"Nyuma, Profesa," akamwambia. "Mstari una watu."

Nimemwona mtu yule akipewa vigoda vya heshima, mashuka, mikuki na mbuzi. Sikuwahi kumwona akifurahi kama pale alipoambiwa aende nyuma. Alitembea mstari mzima akiwasalimu watu, "Kwawuka mana, kwawuka mana," ingawa hiyo ni salamu yetu ya asubuhi na mchana ulikuwa umeshaingia, mpaka akafika barabarani, akasimama wa mwisho nyuma ya kijana mmoja mwenye kifimbo.

Chifu akahesabu, akatangaza kwamba wananchi wamekataa. Wageni wakakunja picha zao. Siwadanganyi kwamba mambo yaliishia pale. Watu wa madini huondoka na kurudi, na nasikia mwaka huu wamerudi tena na picha nzuri zaidi. Profesa tumeshamzika. Chemchemi ipo. Mtaitwa mkutanoni nyinyi, na miguu itakuwa yenu.

Lakini siku ile watu walikuwa na kiu. Mama Wakesho akaleta mtungi wa plastiki wa njano na kikombe kimoja cha bati, akapita mstarini akiwanywesha mmoja baada ya mwingine, kuanzia mgunga, goli, jiko, mpaka barabarani. Alipomfikia Profesa aliinamisha mtungi, yakatoka matone matatu manne.

"Yamekwisha, baba."

"Si kitu, nitakunywa nyumbani."

"Nyumbani ni mbali." Akamwekea mtungi mkononi. "Chemchemi iko pale chini ya mwamba. Umesema hujawahi kuchota."

Watu wakamkimbilia, kila mmoja akitaka kumpokea. Chifu mwenyewe alikimbia, na chifu alikuwa si mtu wa kukimbia. Mama Wakesho akanyoosha mkono.

"Mwacheni," akasema. "Aende akayaone maji aliyoyaongelea."

Akaenda. Peke yake, na ule mtungi wa njano ukigonga goti lake, akapanda taratibu kwa njia ya mbuzi. Watu wote walibaki wamesimama wanamtazama, na hakuna aliyemfuata. Mimi nilikuwa nimepiga magoti uwanjani, nakunja waya.